Huwezi Kumpa Mtu Kilicho Chake

Liko zoezi moja la ufahamu linalozunguka siku hizi mikononi mwa walimu wa Kiswahili wa huku kwetu, nalo lina kichwa kisemacho kwamba maktaba za Ujerumani "zawapa Wayahudi vitabu". Sitamtaja aliyelitunga, maana nia yake ilikuwa njema na habari yenyewe ina msingi. Lakini kitenzi alichokitumia ni cha uongo, na uongo wa kitenzi si jambo dogo kwa watu wa kazi yetu. Mtu hupewa kile ambacho hakikuwa chake. Kilicho chake hurudishiwa. Mwanafunzi akichanganya maneno hayo mawili twamsahihisha kwa wino mwekundu. Sijui kwa nini maktaba isahihishwe kwa wino hafifu zaidi.

Baadhi ya wenzangu wameniambia kwamba naling'ang'ania neno bure. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Wanasema kitabu ni karatasi tu, na nakala nyingine zipo. Kwamba wenyewe wamekwisha kufa na miaka themanini imepita. Tena, ati, hayo ni mambo ya Wazungu wao kwa wao. Hoja hizi nimezisikia mara nyingi, na mara nyingi nimezisikia zikitolewa na watu wanaoishi kwa vitabu. Ndiyo maana nazijibu hapa.

Kwanza tuelewane juu ya lililotendeka. Wengi wetu tulifundishwa kwamba Wanazi walikuwa wachoma vitabu, na picha ya moto ule wa Berlin wa tarehe 10 Mei 1933 imo katika vitabu vingi vya historia. Ni kweli walichoma. Lakini kuchoma kulikuwa sehemu moja tu ya kazi yao. Sehemu nyingine, iliyofanywa kimya kimya na kwa mpango, ilikuwa kukusanya. Mwaka 1940 kiliundwa kikosi chini ya Alfred Rosenberg, mwananadharia mkuu wa chama chao, ambacho kazi yake ilikuwa kupora maktaba na makumbusho ya nyaraka katika nchi zilizotekwa. Mwaka uliofuata ilifunguliwa mjini Frankfurt taasisi ya kuchunguza kile walichokiita "suala la Wayahudi". Polisi wa siri nao walikuwa na ghala zao Berlin, wakishindana na Rosenberg kama fisi wawili juu ya mzoga mmoja. Vikachukuliwa vitabu vya Alliance Israélite Universelle huko Paris, vya Bibliotheca Rosenthaliana huko Amsterdam, vya jumuiya ya Wayahudi wa Thessaloniki, na vya nyumba za watu binafsi zisizo na idadi. Watu wale walitaka kuwaangamiza Wayahudi, kisha wawe wao ndio wataalamu wa habari zao.

Tazama mfano wa Roma. Tarehe 14 Oktoba 1943 maktaba ya jumuiya ya Wayahudi wa mji ule, yenye vitabu vya kale mno, ilipakiwa katika mabehewa. Tarehe 16 Oktoba walikamatwa wenye maktaba, na zaidi ya watu elfu moja wakasafirishwa kupelekwa Auschwitz. Vitabu vilitangulia, wasomaji wakafuata, kwa siku mbili tu. Maktaba hiyo mpaka leo haijulikani iliko.

Na ule mji wa Vilnius, ambao Wayahudi waliuita Yerusalemu ya Lithuania, ulikuwa na maktaba ya Strashun na taasisi ya YIVO. Hapo Wanazi waliwalazimisha Wayahudi wasomi kuchambua vitabu vyao wenyewe: vichache vipelekwe Ujerumani, vingi viende kiwandani kusagwa. Miongoni mwa watumwa hao walikuwamo mkutubi Herman Kruk na washairi Abraham Sutzkever na Shmerke Kaczerginski. Jioni, warudipo mtaa walimofungiwa, walificha vitabu na hati ndani ya nguo zao, ilhali kukamatwa kulikuwa sawa na kifo. Kruk aliuawa katika kambi huko Estonia mwaka 1944. Basi anayetaka kuniambia kwamba kitabu ni karatasi tu, na aanze kwa kuwaambia hao.

Sasa nirudi kwenye lugha, maana ndiyo bustani yetu. Uporaji huu haukujiita uporaji hata siku moja. Kwa amri ya Novemba 1941, Myahudi yeyote wa Ujerumani aliyekuwa na makazi nje ya nchi alipoteza uraia wake, na mali yake ikawa ya serikali. Mtu aliyesukumwa ndani ya garimoshi na kuvushwa mpaka kwa nguvu alihesabiwa kuwa amehamia ng'ambo! Kisha mali yake ikanadiwa. Mwaka 1943 maktaba ya jiji la Berlin ilinunua takriban vitabu 40,000 kutoka ofisi ya rehani ya jiji, vilivyotoka katika nyumba za Wayahudi waliokwisha kupelekwa kwenye mauti. Karibu 2,000 kati yake viliandikwa katika daftari la peke yake, kila nambari ikitanguliwa na herufi J. Wakutubi walijua, basi. Herufi ile ni ungamo lao. Lakini vilivyobaki viliendelea kuingizwa rafuni hata baada ya vita, miaka nenda miaka rudi, na vingi vikaandikwa kuwa zawadi.

Zawadi! Neno hili nimelitafakari sana. Katika maktaba kadhaa za Ujerumani na Austria watafiti wamelikuta daftarini mbele ya vitabu ambavyo polisi wa siri waliviteka na kuvigawa. Mwandishi wa daftari hakupiga mtu, hakuvunja mlango. Aliketi, akachovya kalamu, akaandika neno moja, na kwa neno hilo mnyang'anyi akawa mfadhili na mwenye mali akatoweka. Ndiyo sababu sikubali kabisa kuambiwa kwamba ugomvi wangu juu ya kitenzi "kupa" ni ugomvi wa kijinga. Anayeandika leo kwamba maktaba imewapa Wayahudi vitabu anaendeleza, bila kujua, maandishi ya daftari lile lile.

Katika maktaba hiyo ya Berlin kilipatikana kitabu cha hadithi za watoto wa Kiyahudi. Ndani yake mtu alikuwa ameandika kwa mkono jina la mvulana aliyezawadiwa, na wakati: Hanuka, Desemba 1937. Mvulana yule aliokoka kambi za mateso, akazeekea Kalifornia, na binti yake ndiye aliyesafiri hadi Berlin kukipokea. Hiyo ndiyo zawadi, ndugu zangu: kuna mtoaji, kuna mpokeaji, kuna tarehe na kuna upendo. Walimu wa lugha tuna wajibu wa kuulinda mpaka baina ya zawadi ile na zawadi ya daftari.

Wasemao kwamba kitabu kile kinaweza kununuliwa sokoni kwa fedha kidogo wanapima kwa mizani isiyofaa. Michoro ya mabwana wakubwa ina mawakili na magazeti, kwa kuwa ina bei. Vitabu hivi havina bei, navyo vinahitaji kazi kubwa kuliko michoro, maana vilitoka katika nyumba za walimu, maseremala, wauza vitambaa na matabibu. Mtafiti hufungua kitabu kimoja kimoja. Hutafuta kibandiko cha mwenye kitabu, muhuri, sahihi, maneno ya kutunukia. Mara nyingine hukuta ukurasa uliokatwa au muhuri uliokwanguliwa, na kule kukwanguliwa kwenyewe kukawa ushahidi. Akipata jina huliangalia katika vitabu vya anwani za zamani, na katika orodha za waliosafirishwa. Huko Potsdam zimehifadhiwa fomu ambazo Wayahudi wa Berlin na jirani yake walilazimishwa kuzijaza kabla ya kuchukuliwa, wakiorodhesha kila walichonacho: vitanda, mashati, saa, na vitabu. Hata ukatili wa sheria humsaidia mtafiti: kuanzia Januari 1939 Wayahudi wengi wa Ujerumani walilazimishwa kuongeza jina la Israel kwa wanaume na Sara kwa wanawake, hivyo majina hayo yakionekana katika hati humwonyesha ameshika njia. Kisha huanza kuwatafuta wajukuu, London, Tel Aviv, Buenos Aires. Mwandishi wa Kiswidi Anders Rydell ameeleza jinsi alivyochukua mwenyewe kitabu kimoja kidogo kutoka Berlin na kumpelekea mjukuu wa mwenyewe huko Uingereza. Kitabu kile, kwa bei ya soko, hakifikii hata nauli ya safari. Mjukuu alipokea kitu kilichoshikwa na babu yake, ambacho hakuna duka liwezalo kumuuzia.

Ama hoja ya muda, hiyo ndiyo inayonikera kupita zote, kwa sababu muda huo uliliwa na wale wale wanaoutumia sasa kama kisingizio. Kazi ilipotakiwa kufanywa mapema, ilifanyika. Mwaka 1946 jeshi la Marekani lilifungua ghala huko Offenbach, karibu na Frankfurt, na zaidi ya vitabu na hati milioni 3 zikapita humo. Wafanyakazi Wajerumani hawakujua kusoma Kiebrania. Basi mkuu wa ghala, Isaac Bencowitz, akapiga picha mihuri na vibandiko, akampa kila mchambuzi michache ya kukariri kwa sura tu, kama mtoto akaririvyo alama za herufi. Machi mwaka huo huo tishari lilikwisha kung'oa nanga kuelekea Uholanzi likiwa na makasha ya vitabu. Haya yalifanyika katika nchi iliyokuwa magofu, bila kompyuta. Baadaye ghala likafungwa, na maktaba za Ujerumani zilizobaki na mali za watu ndani yake zikanyamaza kwa karibu nusu karne. Azimio la Washington la mwaka 1998, lililokubaliwa na nchi 44, lilizungumzia kazi za sanaa, tena halikuwa sheria. Ni tamko la Ujerumani la mwaka 1999 lililozitaja maktaba waziwazi. Sasa twaambiwa haraka haraka haina baraka. Nami nasema ngoja ngoja huumiza matumbo, hasa tumbo la mzee wa miaka tisini anayengojea kitabu cha mama yake.

Nakiri kwamba swali la "kurudisha kwa nani" ni gumu, na halina jibu moja. Vitabu kama nusu milioni vilivyopatikana bila mrithi viligawiwa na shirika la Kiyahudi lililoongozwa na mwanahistoria Salo Baron, Hannah Arendt akiwa katibu mtendaji. Vingi vilikwenda Israeli na Marekani, na sehemu ndogo ilifika hata Afrika Kusini. Naona walifanya vyema kubandika ndani ya vitabu alama ya shirika lao, ili msomaji ajue kwamba kitabu alichokishika kilikuwa na mwenyewe. Kinyume chake ni Urusi, ambayo kwa sheria ya mwaka 1998 ilitangaza kuwa mali iliyoletwa na jeshi la Kisovieti kutoka Ujerumani ni ya taifa lake. Naelewa uchungu wa Urusi, ambayo maktaba zake ziliteketezwa. Hata hivyo, Myahudi wa Paris hakuiteketeza Urusi, na aliyenyang'anywa na mwizi wa kwanza hawi mdeni wa wa pili.

Imebaki ile hoja kwamba haya hayatuhusu. Mwaka 1893 askari wa Kijerumani walishambulia Hornkranz, katika nchi iitwayo leo Namibia, wakaua watu, wakachukua Biblia ya kiongozi wa Wanama, Hendrik Witbooi. Ilikaa katika jumba la makumbusho la Stuttgart zaidi ya karne nzima, hadi ilipopelekwa Namibia Februari 2019. Na hapo pia lilizuka swali la kwa nani, maana viongozi wa jadi wa Wanama walipinga mahakamani isikabidhiwe serikali badala yao. Siyafananishi mauaji na mauaji. Kila kaburi lina jina lake. Lakini hoja za wenye makumbusho ni zile zile: tumekitunza vizuri, kingeoza kwenu, tutawapigia picha. Mwalimu wa Kiafrika anayezikubali hoja hizo zikitolewa dhidi ya Myahudi asishangae zikitolewa kesho dhidi yake, neno kwa neno.

Tena utunzaji si umiliki. Lugha yetu ina neno "amana", na kila mzee wa pwani anajua kwamba aliyeshika amana, hata akiipangusa vumbi kila asubuhi, haigeuki kuwa yake. Wala amana haipokewi kwa kumuua aliyeiweka.

Jambo moja zaidi, ambalo naona hata watafiti wema hulipita upesi. Vitabu vingi vilivyoporwa havina alama yoyote: hakuna muhuri, hakuna sahihi, wala ua lililokaushwa baina ya kurasa. Hivyo havitarudi kwa mtu. Zipo maktaba ambazo zingependa vihesabiwe kuwa vimekwisha, virudi rafuni kimya. Haifai. Kama daftari laonyesha kwamba kitabu kiliingia kwa njia ile ya 1943, katalogi na iseme hivyo, mbele ya jina la mtunzi na mwaka wa kuchapwa, ili kila mwanafunzi atakayekiazima asome, kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, kwamba kitabu hiki kiliibwa na mwenyewe hajapatikana.