Ukuta wa mama na rangi isiyo na jina

Majuzi nilikwenda nyumbani Kabati, Kitui, kuipaka rangi sebule ya mama. Fundi wetu, mtu mwenye jicho kali, alikuwa amechagua katika kadi ya dukani rangi moja ya upole: si nyeupe wala si kijivu kamili, bali kijivu chepesi kilichoguswa kidogo na zambarau. Jina lake kwenye kadi lilikuwa la Kiingereza, maneno matatu, na hata moja halikutaja rangi. Fundi akaagiza kwa simu, akalitamka alivyoweza. Yakaletwa makopo mawili ya lita 4 ya zambarau tupu, kama joho la askofu. Muuzaji akakataa kuyapokea tena, kwa hoja kwamba rangi iliyokwisha kuchanganywa hairudi.

Wapo watakaomlaumu fundi kwa Kiingereza chake. La hasha! Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pia, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kuelezwa anachohitaji kujua ili afaidike na bidhaa. Kadi ile ilimweleza fundi nini?

Wanafunzi wangu hudai kwamba Kiswahili ni fukara wa rangi, kwa kuwa vivumishi vyake halisi vya rangi ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Ni kweli, na Kikamba nacho kina -eu, -iu na -tune. Berlin na Kay walikwisha kueleza mwaka 1969 kwamba lugha yenye maneno matatu ya msingi huwa na hayo hayo. Lakini kuishia hapo ni kusahau kazi ya nomino. Kijivu kimetoka jivuni, zambarau imetoka mtini. Urujuani tuliupata kwa Waarabu, nao Waarabu kwa Waajemi (ingawa sijapata kumsikia mtu akiutaja nje ya darasa). Na lugha iliyobuni ‘damu ya mzee’ haiwezi kushindwa na ukuta wa sebule. Wenye viwanda hawajatuuliza tu.

Tulipokuwa tukibishana, mama alikuwa kwenye kigoda, kimya. Nikamuuliza hasa anataka rangi gani.

“Ile ya vilima jioni, mwanangu, mvua ikiwa bado mbali.”

Mimi, pamoja na shahada zangu, niliduwaa. Fundi alielewa papo hapo. Alinunua nyeupe ya aina ileile, akaitia zambarau kidogo kidogo na matone ya nyeusi, akikoroga kwa kijiti na kupaka ubaoni kila mara, akingoja ikauke kwanza, maana rangi mbichi hudanganya. Mara ya nne mama akaitikia kwa kichwa.

Kopo moja zima la zambarau lingali ghalani. Mwenye kujenga kanisa na aje alichukue.