GOFU JANGWANI: NYASI ZA VIGOGO ZINAKUNYWA MTO!

Hivi jamani, nani kasema gofu ni lazima ichezwe juu ya majani mabichi? Nani kasema nchi isiyo na mvua, yenye upepo wa kukausha hata mate mdomoni, ni lazima ipakwe kijani ili matajiri wapate pa kutembezea fimbo zao?

Tazameni Las Vegas, Marekani. Ni jangwa. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 120. Jua kali, upepo mkavu. Maji yakirushwa mchana, mengine hupotea kabla ya kugusa ardhi. Mji unaishi kwa Mto Colorado, na Julai 2022 bwawa lake, Lake Mead, lilishuka kuliko wakati wowote tangu lijazwe miaka ya 1930. Ndipo wakubwa wakashtuka!

Mwaka 2024 viwanja vya gofu vikawekewa kikomo kipya: karibu lita milioni 5 kwa ekari moja kwa mwaka. Piga hesabu, ndugu yangu unayesukuma mkokoteni wa maji: ni madumu ya lita 20 yapatayo 680 kila siku, kwa ekari moja tu! Na huko ndiko kubana matumizi. Zamani kikomo kilikaribia lita milioni 8. Sheria ya Nevada ya 2021 inataka nyasi za mapambo za maofisini na barabarani zikatiwe maji ya mto kuanzia 2027. Nyasi za kuchezea gofu? Zimesalimika.

Wapambe watasema bila nyasi hakuna mchezo. Uongo mtupu! Coober Pedy, mji wa wachimbaji wa opali katika jangwa la Australia, una uwanja wa mashimo 18 usio na nyasi. Kuzunguka mashimo wametandaza mchanga uliolowekwa mafuta, usipeperushwe na upepo. Mchezaji hubeba kizulia chake cha nyasi bandia: anakiweka chini, anapiga mpira, anakiokota, anasonga mbele. Joto likizidi, wanacheza usiku kwa mipira inayong'aa. Na mchezo unanoga!

Kwa hiyo shida siyo gofu. Shida ni ufahari wa kutumia jasho la wengine.

Siku kigogo atakapokuja na ramani ya uwanja wa gofu kwenye ardhi kavu ya kwetu, tusimwulize ataleta watalii wangapi. Tumwulize: nyasi zako zitakunywa nini? Akilitaja bomba letu, apewe kizulia akacheze mchangani!