Waliokaa Barazani Siku ya Kura



Nakuuliza wewe, si jirani yako: tarehe 9 Agosti 2022 ulikuwa wapi? Mimi nilipotoka kupiga kura nilipita kwenye baraza ya mtaani kwetu, hapa Mombasa, nikawakuta watu tisa wanywa kahawa. Nikatazama vidole. Wenye wino walikuwa watatu. Wale sita hawakuwa wagonjwa wala wasafiri. Walikuwa wakibishana, tena kwa sauti kubwa, nani atashinda!

Usidhani hilo ni la baraza yetu peke yake. Katika Kenya nzima mwaka ule walipiga kura kiasi cha asilimia 65 ya waliojiandikisha. Mombasa hatukufika hata nusu. Tulikuwa kiasi cha asilimia 44. Walioandikishwa hapa walizidi 640,000, basi waliobaki majumbani walizidi 350,000. Toa waliokwisha kufa, toa vijana wetu walio Uarabuni kutafuta riziki, bado hesabu yatisha. Na tofauti baina ya William Ruto na Raila Odinga, nchi nzima, ilikuwa kura 233,211. Sisemi kuwa waliolala wangalimgeuza mshindi, kwani sijui wangalimpa nani. Nasema tu kwamba mtu asinijie na lile neno la kuwa sisi ni wachache, hatuhesabiki.

Ati "kura haina maana." Neno hili tumelirithi kwa wazee wetu, nao walikuwa na sababu. Mwaka 1963 sehemu kubwa ya Pwani ilifuata KADU ya Ronald Ngala na siasa yake ya majimbo. Mwaka wa pili yake KADU ikavunjwa ikaingia KANU, na majimbo yakenda nayo. Mwaka 1988 watu wakapangwa mlolongo nyuma ya wagombea, mchana kweupe, kila mtu amwona mwenziwe yuko wapi. Na aliyepata zaidi ya asilimia 70 katika mlolongo huo akahesabiwa amekwisha pita. Mwaka 1992 chama cha Islamic Party of Kenya kikanyimwa kuandikishwa. Mzee aliyepitiwa na hayo yote akikata tamaa, mimi simlaumu. Lakini wewe uliyezaliwa baada ya mlolongo, upigaye kura yako kwa siri, na hesabu ya kituo ikabandikwa mlangoni uisome kwa macho yako, umelirithi neno bila ya sababu yake.

Wako pia wasemao siasa ni uchafu, Muislamu na ajiepushe nayo. Hawa nawataka wamsome Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976. Yeye aliihesabu kura kuwa ni ushahidi, ni shifaa na ni uwakala. Sasa, shahidi aliyeitwa mbele ya kadhi akakaa kwake kwa kuwa mahakamani kuna vumbi, wewe wamwitaje?

Ama sisi wenye wino kidoleni, tusijisifu mapema. Mwaka 2007, 2013, 2017 na 2022, mara nne mfululizo, Mombasa ilimpa marehemu Raila Odinga kura nyingi kuliko mpinzani wake yeyote. Mapenzi ya mtu simkatazi. Lakini mwaka 2007 viongozi wa Kiislamu walitia naye sahihi makubaliano juu ya mambo ya Waislamu. Haya, niambie vifungu vyake. Muulize na mwenzako msikitini. Tuliyashangilia, tukapiga kura, tusiulize tena. Chama kikijua kuwa kura zako zimo mfukoni mwake tangu zamani, kije kwako kutafuta nini? Kitakuletea kanga na fulana wiki ya mwisho, kiende zake kwa wale wanaohitaji kubembelezwa.

Na yule achukuaye shilingi 200 apige hesabu. Mia mbili kwa miaka mitano ni senti kumi na moja kwa siku. Hata kikombe cha kahawa cha pale barazani hakipatikani!

Wako wenzetu, nao si wachache, walioambiwa walete karatasi za babu zao ndipo wapewe kitambulisho, wakazungushwa hata wakachoka. Hao wana udhuru, na kuwasaidia ni juu yetu. Lakini wale sita wa barazani vitambulisho wanavyo, walivitoa wenyewe mifukoni nilipowauliza.

Mmoja wao akanambia, "Sheikh, hiyo kura yako itatuletea maji?" Mifereji mtaani kwetu ilikuwa mikavu siku ya nne. Nikamwambia aende akamuulize mkewe, kwani nilimwacha kwenye foleni na mtoto mgongoni, amesimama tangu saa kumi na mbili alfajiri, na watu waliomtangulia walikuwa wangali wengi.