Kahawa ya Malabar: Bei Nafuu, Hukumu ya Haki



Msomaji mpenzi, mashine ndogo za espreso zimeanza kuingia majumbani mwetu, na pamoja nazo pakiti za buni zilizoandikwa "asili moja". Dada zetu washikao fungu la nyumba huuliza: je, ile ya bei nafuu itokayo India yafaa kununuliwa, au ni fedha kupotea bure? Bei haiwezi kutujibu, wala pakiti. Hujibu ulimi uliotulia.

Tuanze na asili yake. Yasimuliwa kwamba katika karne ya 17 mcha Mungu aitwaye Baba Budan, akirejea kutoka Hija, alichukua punje saba za buni huko Mukha, bandari ya Yemen, akazipanda katika vilima vya Chikmagalur, kusini mwa India. Vilima hivyo hadi leo vinalo jina lake. Mibuni ya huko hukua chini ya kivuli cha miti mikubwa, mara nyingi ikichanganyika na pilipili manga na iliki.

Niliyoionja ni ile iitwayo Monsooned Malabar. Zama za merikebu za matanga, buni ya India ilikaa baharini miezi mingi hadi kufika Ulaya, ikanyonya unyevu na kubadilika ladha. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, na meli za moshi zikafupisha safari, ladha ile ikatoweka, na wanywaji wakaitamani. Basi ikawa buni yatandazwa katika maghala yaliyo wazi ya pwani, kati ya Juni na Septemba, ipigwe na upepo wa msimu kwa wiki 12 hadi 16. Punje huvimba, hupata rangi ya manjano hafifu, na uchachu wake hupungua. Upepo huo si mgeni kwetu: ndio huu uvumao pwani yetu kwa jina la kusi.

Sasa hukumu. Kadhi hahukumu kwa kusikia upande mmoja, na muonjaji vivyo hivyo asihukumu kwa kikombe cha kwanza. Pima gramu 18 za unga, upate gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30. Ikimiminika upesi na kuwa chachu, saga laini zaidi. Ikichelewa na kuwa chungu kupita kiasi, saga kwa ukubwa kidogo. Badilisha jambo moja tu kila mara, ili ujue kosa liko wapi. Onja kwanza bila sukari, kisha ngoja ipoe kidogo uonje tena, kwani ubaya uliofichwa na moto hujitokeza ikipoa.

Nilivyoiona, povu lake ni zito, uchachu wake ni mdogo mno, na ladha yake yakumbusha mbao kavu na viungo vya ghalani. Kwa aliyezoea kahawa ya Nyeri, yenye uchachu mchangamfu, hii itakuwa kama imelala. Kwa aliyelelewa na kahawa tungu yenye tangawizi, ataitambua kama jamaa yake. Ikitiwa maziwa haimezwi. Ladha yake hubaki. Kwa bei yake, naihukumia kuwa ni njema.

Lakini tahadhari. Neno "asili moja" ni pana: laweza kuwa shamba moja, au jimbo zima. Muuzaji mwaminifu hutaja mahali na tarehe ya kukaangwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pakiti yenye sifa nyingi na isiyo na tarehe, iache. Nunua robo kilo kwanza, na usisage ila ya siku hiyo. Na dada aliye mja mzito asizidishe: Shirika la Afya Duniani humshauri mjamzito anywaye zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze.

Ama mashine, asiyekuwa nayo asikope kwa ajili yake. Buni hiyo hiyo, ikitwangwa na kuchemshwa katika buli la nyumbani, yamtosha mgeni na heshima yake. Usiache mbachao kwa msala upitao.