BARIDI YA JULAI: TANGAZO LA REDIO NI LA TAJIRI PIA



Juni imekaribia, na kila mwaka wakati kama huu twasikia maneno yale yale. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa yatangaza kwamba baridi yaja, kwamba mawingu yatafunika Nairobi tangu asubuhi hadi adhuhuri, manyunyu yatakuwapo, na watu wavae nguo nzito. Redio yasoma. Halafu yaongeza: wananchi, msilale na jiko la makaa ndani ya nyumba. Basi, kazi imekwisha. Atakayekufa baada ya hapo amekufa kwa ukaidi wake mwenyewe.

Chama hakina ugomvi na watabiri. Wao wafanya kazi yao, na maneno yao ni ya kweli. Ugomvi wetu ni kwamba tangazo lasomwa kana kwamba msikilizaji ni mfanya kazi peke yake. Tajiri hana redio? Ni lini mmesikia mtangazaji akisema: ninyi wenye viwanda vya Industrial Area, baridi yaja, toeni makoti na mabuti, ninyi wenye majumba ya kupangisha, baridi yaja, tieni vioo madirishani? Hatujasikia. Onyo lote latumwa kwa yule asiye na uwezo wa kulitii.

Kwanza tujue baridi hii yatoka wapi, maana wako wanaosema imeletwa tu na Mungu na hapana la kufanya. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni majira ya baridi huko kusini mwa dunia. Upepo wa kusi wavuma kutoka huko, wapita juu ya bahari na kubeba unyevu, halafu wapanda nchi. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari. Upepo ule ukifika huku juu unyevu wake wageuka mawingu ya chini, nayo yalifunika jua siku nyingi mfululizo. Usiku wa Julai joto hushuka hata nyuzi 11 au 10, na mchana wenye mawingu huenda lisifike 20. Watu wa pwani huyaita majira haya kipupwe na kuyafurahia. Lakini mtu wa pwani yuko kando ya bahari, wala hangojei lango lifunguliwe saa kumi na mbili kasorobo asubuhi akiwa amelowa.

Huko kusini baridi hiyo huleta theluji kabisa. Septemba 2024 theluji ilifunga barabara kuu ya Johannesburg kwenda Durban, na watu wakalala ndani ya magari yao. Sisi hatuna theluji Nairobi. (Septemba 2008 watu wa karibu na Nyahururu waliona kilima kimekuwa cheupe, wakaenda kushangaa na kuokota, watabiri wakaeleza kwamba ni mvua ya mawe iliyogandamana.) Lakini angalieni tofauti, ndugu. Theluji ikifunga barabara, mwenye gari na mwenye miguu wote wakwama, meneja akwama, hata waziri akwama. Basi siku hiyo hiyo matrekta yatafutwa na serikali yasema. Baridi yetu haifungi barabara. Meneja aingia garini nyumbani kwake, ateremka ofisini, na katikati hakuguswa na upepo. Ndiyo sababu baridi yetu haionekani. Yaua katika chumba kimoja leo na chumba kingine wiki ijayo, na hakuna barabara iliyofungwa.

Anayetaka kuiona na asimame Jogoo Road saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai. Watu watoka Makadara na Maringo, watoka Kayole na Dandora, na kutoka Mukuru wavuka reli kwa miguu. Manyunyu yakianguka tu, nauli ya matatu yapanda. Kila mkaaji wa Eastlands ajua jambo hili kama ajuavyo jina lake. Kwa hiyo mtu wa kibarua, ambaye hajui kama leo ataandikwa, hutembea. Afika langoni amelowa magoti, asimama ukutani na wenziwe mia, hakuna banda, hakuna mahali pa kukaa. Akiandikwa, ashinda na nguo mbichi. Asipoandikwa, arudi nazo. Na askari wa usiku anayelinda lango hilo alikwisha kukaa hapo saa kumi na mbili na koti alilonunua mwenyewe Gikomba.

Matajiri wana majibu. Jibu la kwanza ni kwamba Nairobi si Ulaya, baridi ya nyuzi 10 si baridi. Naam, kwa mtu aliyekula, aliyekauka, anayetembea upesi, nyuzi 10 si kitu. Kwa mtu aliyelowa anayesimama mahali pamoja saa nane katika upepo, ni kitu kikubwa. Maji katika nguo hunyonya joto la mwili kuliko hewa kavu mara nyingi. Na anayeosha chupa, anayechinja, anayechanganya simenti au kufanya kazi katika vyumba vya barafu, yeye hukutana na baridi mbili, ya mbinguni na ya tajiri.

Jibu la pili ni gharama. Hapa hatubishani juu ya huruma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanya kazi aliye katika kazi ya maji au ya vitu vyenye kudhuru apewe na mwajiri nguo za kumkinga zinazofaa, pamoja na glavu na viatu inapohitajika. Apewe, ndugu, hakuna neno la kuuziwa wala kukopeshwa. Hata hivyo wanachama wetu waleta malalamiko kila mwaka ya mabuti yaliyotolewa pea moja kwa watu wa zamu mbili, huyu avua na yule avaa, bado yana jasho la mwenziwe.

Sasa tuje kwenye jiko, maana hapa ndipo twafiwa.

Kila mwaka twasoma habari za baba, mama na watoto waliokutwa asubuhi wamelala na hawaamki, mlango umefungwa, jiko katikati. Na kila mwaka mtu mkubwa husema: ujinga. Sisi twasema huo si ujinga. Februari 2021 jimbo la Texas huko Marekani lilipigwa na baridi kuu, umeme ukakatika katika mamilioni ya nyumba, na serikali ya jimbo ikahesabu watu 246 waliokufa. Wengine katika hao waliuawa na gesi, kwa sababu waliwasha majiko ya makaa ndani au moto wa gari katika gereji. Hao ni watu wa nchi tajiri, wenye shule na televisheni. Mtu akishikwa na baridi usiku na watoto walia, atawasha kilichopo. Wa Texas aliwasha, na wa Mukuru awasha. Tofauti ni kwamba wa Texas alikosa umeme siku chache, na wa Mukuru hana njia nyingine mwaka mzima.

Lakini kwa kuwa hatutaki kumzika mwanachama tukingoja matajiri, kila mmoja na asikie jambo hili vizuri na amwambie jirani. Gesi inayoua yaitwa kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi. Watu wengi hudhani hatari ni moshi. Hulianika jiko nje mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu, halafu huliingiza ndani wakiamini sasa ni salama. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yatoayo gesi hiyo, na chumba kilichozibwa magunia madirishani huijaza upesi. Gesi yashika damu kwa nguvu kuliko hewa safi zaidi ya mara 200, hata damu haiwezi tena kubeba pumzi. Kichwa chauma, miguu yalegea, usingizi waja mzito. Mtu hutaka kuinuka afungue mlango na hawezi. Jiko la bati na udongo, hili ambalo mafundi wa Shauri Moyo wamelifua tangu miaka ya 1980, lahifadhi makaa, ni jiko zuri, lakini gesi yake ni ile ile. Pika, ota moto mlango ukiwa wazi, kisha toa jiko nje kabla hujalala. Ukiona mwenzio alalamika kichwa penye jiko, mtoe nje kwanza, maswali baadaye.

Tumesema hayo, na sasa twarudi kwa wale wanaotufundisha. Mnatuambia tusiwashe makaa, tuwashe nini? Mafuta ya taa yalikuwa moto wa maskini. Septemba 2018 yakatozwa ushuru wa shilingi 18 kila lita, ati kwa sababu kuna wafanya biashara wanaoyachanganya na dizeli. Mwizi alikuwa kwenye lori, na aliyetozwa faini ni mama wa Korogocho mwenye chupa ya nusu lita.

Mnatuambia tufungue dirisha. Dirisha lipi? Chumba cha mabati huwa hakina. Katika majumba marefu ya Pipeline dirisha la mtu hufungukia ukuta wa jirani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa au amlipe fedha ya kutosha kupanga nyumba ya kufaa, mbali na mshahara wake. Tangu Machi 2024 kuna na sheria ya nyumba za bei nafuu, nayo hukata asilimia 1.5 ya mshahara wetu wote kabla haujafika mkononi. Tukikatwa kwa ajili ya nyumba, tuna haki ya kuuliza habari za nyumba. Na mwaka huo huo wa 2024, baada ya mafuriko ya masika, serikali ilivunja mwezi wa Mei nyumba za watu waliokaa kando ya mito huko Mathare na Mukuru, ikawaahidi shilingi 10,000. Hesabuni miezi: Mei, na baada ya Mei ni Juni.

Jambo hili la zamani. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, kamati ya serikali ya kikoloni yenyewe, ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini katika makampuni ya binafsi walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya afya na heshima. Kima cha chini kilikuwa kimepigiwa hesabu ya mtu mmoja, hana mke, hana mtoto. Kamati ikasema kihesabiwe kwa jamaa nzima. Ukitazama leo chumba kimoja cha Kayole chenye watu sita na jiko moja, utaona hesabu ya mtu mmoja bado yatumika.

Wako na wanachama wetu wanaosema: ninyi wa chama shughulikeni na mishahara, baridi iacheni. Ndugu hao twawauliza, koti lanunuliwa na nini? Na aliyelala na homa ya mapafu siku tatu akakatwa siku tatu, hilo si jambo la mshahara? Mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili ana haki ya siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku saba nyingine kwa nusu katika mwaka, akileta cheti cha daktari. Mtu wa kibarua aliyefanya kazi mwezi mfululizo sheria haimtazami tena kama kibarua wa siku. Wengi hawajui, na makarani wa viwanda hawana haraka ya kuwaambia.

Kwa hiyo kila mwakilishi wa kiwanda, kabla Juni haijaisha, amwandikie meneja barua na abaki na nakala. Aulize mabuti na makoti ya mvua ni mangapi na watu wa kazi ya maji ni wangapi. Aulize banda la langoni litajengwa lini, maana mabati kumi na nguzo sita si mtaji wa kufilisi kampuni. Aulize chai ya moto ya zamu ya usiku, na gari la kuwachukua wanaotoka au kuingia gizani. Majibu, au kukosa jibu, yaletwe tawini Jumamosi ya kwanza ya Julai, yakiwa na tarehe na jina la aliyepokea barua.