Akiitwa, Anageuka?

Kliniki, mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, uzito unaandikwa kwenye kadi, anachomwa chanjo, basi. Nani anamuuliza mama kama mwanawe hugeuka akiitwa? Kutogeuka kunaweza kuwa dalili ya usonji, na dalili huanza mapema.

Mwaka 2013, watafiti Ami Klin na Warren Jones nchini Marekani walionyesha kwamba watoto waliokuja kubainika kuwa na usonji walianza kupunguza kutazama macho ya watu kati ya miezi 2 na 6. Mwanzoni walitazama kama wenzao.

Akifikisha mwaka, mtoto kwa kawaida hugeukia jina lake. Miezi michache baadaye hunyoosha kidole kumwonyesha mama ndege mwembeni. Asipofanya hivyo si lazima iwe usonji (huenda ni masikio), lakini kumwambia mama "atachangamka tu" ni kumpotezea mtoto miezi ya thamani. Apimwe sasa.