Likizo Haiombwi

Tarehe 20 Oktoba 2018, Sikukuu ya Mashujaa iliadhimishwa kitaifa hapa kwetu Kakamega, uwanja wa Bukhungu. Rais alikuja. Mimi nilikuwa nauza misumari. Duka la vifaa vya ujenzi nililokuwa nimeajiriwa lilifungua mlango nusu, ili mpita njia adhani tumefunga, na helikopta zikipita juu ya mabati yetu mdosi akasema, "Leo mji umejaa, tusilale." Jioni nilipewa pesa zangu za siku, shilingi 500, pamoja na soda. Soda ndiyo ilikuwa sikukuu yangu.

Amri za mishahara za nchi hii zinataka saa za kazi siku ya sikukuu zilipwe mara mbili. Sikujua. Na hata ningejua, ningemwambia nani, Rais akiwa Bukhungu?

Lakini sikukuu si ugomvi wangu mkubwa. Ugomvi wangu ni hili neno "ruhusa". Sikiliza vijana wanaofanya kazi kwa maduka, hoteli na M-Pesa kutoka Lurambi hadi Khayega. Hakuna anayesema anaenda likizo. Wote wanaomba ruhusa. "Boss, naomba ruhusa kesho, mtoto ni mgonjwa." Unaomba huku umeinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyechelewa. Ukipewa, unashukuru. Mwisho wa wiki unapata siku hiyo imekatwa, na bado unashukuru kwa sababu hukufutwa.

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hakina neno kuomba hivyo. Kinasema ukifanya kazi miezi 12 mfululizo, una siku zisizopungua 21 za likizo na mshahara kamili. Ni siku za kazi hizo, kwa hivyo Jumapili yako na Krismasi haziingii kwenye hesabu. Mwajiri anaweza kupanga nawe ni lini. Kukunyima kabisa hawezi. Ukiugua baada ya kufanya kazi miezi miwili, una siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara, bora ulete barua ya daktari. Aliyejifungua ana miezi mitatu. Baba ana wiki mbili, ingawa ukimtajia mdosi hiyo ya baba atacheka hadi akae chini.

Kitu ambacho sheria haijaweka ni likizo ya msiba. Haimo. Na hapa kwetu hilo ndilo linauma zaidi, kwa sababu msiba wa Mluhya si saa mbili za kanisani. Kukhu wangu alifariki 2019, Shinyalu. Kuna mikutano ya michango, kuna kuchukua mwili mochari Ijumaa, kuna kukesha, kuna kaburi linalochimbwa na wajukuu, kuna wageni wa kulishwa, na baada ya mazishi kuna siku wazee wanakaa na kuulizana nani hakuonekana. Niliomba ruhusa ya siku nne. Nikapewa Jumamosi peke yake. Kaburi la mwanamke aliyenilea lilichimbwa na binamu zangu, mimi nikipima nyaya mjini. Jumatatu nilikuta Jumamosi imekatwa, na mdosi akaniuliza, tena bila ubaya wowote usoni, "Kwani alikuwa mama yako?"

Wakati huo nilikuwa nimemfanyia kazi mwaka mmoja na miezi miwili. Nilikuwa na siku 21 zangu, sijagusa hata moja. Nilikuwa naomba kitu kilichokuwa mfukoni mwangu.

Najua jibu la wenye maduka, nimelisikia sana. Biashara ni ndogo, hatuwezi kumlipa mtu ambaye hayupo. Sawa. Lakini mtu huyo huyo anajua leseni ya kaunti inalipwa lini, kodi ya nyumba inalipwa lini, na anaweka pesa kando. Gari lake linaenda gereji kwa wiki nzima na halikatwi chochote. Mfanyakazi tu ndiye gharama inayokuja ghafla kila mwaka, kama mvua ya mawe.

Wengine wana ujanja zaidi. Wanakuita kibarua. Unafanya kazi miezi mitatu, unaambiwa upumzike wiki moja "tuangalie biashara", halafu unaitwa tena kama mtu mpya. Miaka miwili inapita na wewe bado ni mgeni. Kifungu cha 37 kiliandikwa kwa ajili ya mchezo huo: kibarua aliyefanya siku mfululizo ambazo jumla yake hazipungui mwezi mmoja, au anayefanya kazi isiyoweza kuisha kwa miezi mitatu, si kibarua tena mbele ya sheria. Na ukiachishwa kabla ya mwaka kuisha, lakini umepitisha miezi miwili, unadai siku moja na robo tatu kwa kila mwezi. Miezi 8 ni siku 14. Kwa mshahara wa shilingi 600 kwa siku, hizo ni shilingi 8,400. Ni watu wangapi unaowajua walitoka kazini na hiyo pesa? Mimi sijui hata mmoja. Mimi mwenyewe nilitoka na fulana ya kampuni ya rangi.

Serikali nayo inapenda sikukuu. Tarehe 10 Oktoba imekuwa Moi Dei, ikawa Utamaduni, sasa ni Mazingira. Jumatatu ya 13 Novemba 2023 tulipewa sikukuu ya kupanda miti, ikatangazwa siku chache tu kabla. Mwenye mshahara wa mwezi alilala hadi saa nne. Anayelipwa kwa siku, duka likifungwa, hana siku. Kwake sikukuu ni faini. Kutangaza sikukuu hakugharimu kitu, ni karatasi moja kwenye gazeti rasmi. Kutuma maafisa wa leba wapite dukani kwa duka wakiuliza rekodi za likizo ndiko kunakohitaji pesa, na huko sijaona haraka ya aina ile.

Haya yote niliyasema nyumbani mwaka jana, kwa sauti, tukila. Dada anayetufanyia kazi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Yuko kwetu mwaka wa tatu. Sheria hiyo hiyo inamhusu, neno kwa neno. Nikamuuliza mama amewahi kwenda likizo lini. Mama akasema huwa anaenda kwao Malava Desemba, tarehe 26, anarudi tarehe 2. Nikauliza kama wiki hiyo hulipwa. Mama akaniangalia kwa muda. "Huwa anaomba ruhusa," akasema.

Tulipiga hesabu kwenye bahasha ya stima. Miaka miwili kamili, siku 42. Mama akauliza nani atapika siku hizo zote. Ugali wangu, nimeambiwa, una mabonge. Dada alirudi Februari, na alilipwa.